Sura ya Saba: Kabati la Nyama la Hezroni

Mbwa aliyekufa aliwapokea njiani akitikisa mkia.

Sajini Sefania Msuya alisimama akamtazama vizuri. Rangi ya majani ya chai yaliyochujwa, sikio la kulia limekatika nusu. Hakuna kosa, ndiye. Juzi tu, pale kituoni Same, kijana mmoja, Asheri, alikuwa amekula kiapo kwamba mbwa huyu alitupiwa kipande cha nyama yenye sumu mbele ya watu, akatetemeka, akaingia chini ya ghala, akafa.

"Konstebo," akasema Sefania, "unaona ninachokiona mimi?"

Konstebo Yahaya alikuwa ameinama, mikono magotini, anahema. Kwao ni Pangani, na kwake yeye kilima chochote kilichozidi kichuguu kilikuwa uonevu. Tangu lori liwashushe Makanya wakaanza kupanda, alikuwa amefungua mdomo mara chache tu, na maneno aliyoyatoa hayafai kuandikwa.

"Naona mbwa, afande."

"Huyo ni marehemu."

Yahaya akainua kichwa. Mbwa akamlamba mkono. Yahaya akaurudisha mkono polepole, akaufuta kwenye kaptura ya serikali.

"Basi mwenzetu kapata ruhusa," akasema.

Sefania hakucheka, ingawa kwa kawaida yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza. Kesi hii ilikuwa imekwisha kabla haijaanza. Hezroni, fundi seremala wa hapa Mhezi, alikutwa asubuhi amekufa ndani ya karakana yake, kando ya kabati aliloliunda mwenyewe la kukaushia nyama. Mdogo wake, Asheri, akashuka mpaka Same kusema kwamba Raheli, mke wa marehemu, ameitia ile nyama sumu. Bwana Inspekta, Mzungu mwenye haraka zake, akasikiliza, akaamuru mwanamke ateremshwe akapande treni kwenda kushtakiwa Tanga. Wote waliokuwapo kituoni walijua treni ile humpeleka wapi mwanamke aliyemuua mumewe. Ni kwenye kamba.

Sefania alikuwa ametumwa kumchukua Raheli, hakutumwa kuuliza. Lakini Sefania alikuwa mtu anayeuliza njia hata akiwa nyumbani kwake.

Uani ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mibuni. Ulikuwa mwezi wa Julai, mwaka ule Malkia alipotawazwa, na Julai ya Upareni milimani haimwonei mtu haya. Watu walisimama wamejifunika, wanangoja. Mchili, yaani mkuu wa kijiji, mzee Danieli, akaja mbele.

"Karibu, Sajini. Nasikia wewe ni mtu wa Ugweno. Mmetuletea na manyunyu."

"Manyunyu mlikuwa nayo, mzee. Mimi nimeleta miguu tu, nayo imekwisha."

Kwenye kigoda, mlangoni pa kibanda chake, alikaa Mama Eliakunda, mama yake marehemu, amejifunga blanketi la kijivu mpaka kidevuni. Sefania akavua kofia.

"Shikamoo, mama. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Mchukue upesi. Nimechoka kumwona."

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Raheli alikuwa amekaa peke yake juu ya kinu kilicholazwa, macho makavu, kama mtu aliyeamshwa akaambiwa nyumba ni ya wengine. Yahaya, kwa kufuata amri, akamfunga pingu. Raheli akatoa mikono bila kusema, akaitazama ile pingu kwa mshangao, kama anayejiuliza ni ya nani.

Sefania akamgeukia Asheri. Alikuwa kijana mrefu, macho mekundu kwa kulia, na kilio kile hakikuwa cha kuigiza.

"Mbwa wenu anaitwaje?"

"Chui."

"Na huyu Chui alikufa lini?"

Watu wakamtazama mbwa. Mbwa akajikuna.

"Alitetemeka, bwana," akasema Asheri. "Kila mtu aliona. Akaingia chini ya ghala, hakutoka."

"Labda alisikia baridi," akasema Yahaya, meno yakimgongana. "Hata mimi kuna ghala pale nimelitamani."

Mtu mmoja akacheka, akajikuta yuko peke yake, akakigeuza kicheko kikohozi.

"Mbwa wana roho ngumu," akasema Asheri. "Kaka yangu alikuwa binadamu. Na huyu mwanamke alimwambia hapa hapa uani, jioni, watu wanasikia: sanduku lako hili litakuua. Muulize kama hakusema."

"Ulisema?" Sefania akauliza.

"Nilisema," akajibu Raheli.

Watu wakaguna.

"Nilisema kwa sababu alikuwa analala nalo. Ameacha nyumba, ameacha kitanda, analala karakanani kama mlinzi, anakohoa. Wewe usingesema?" Akamtazama mbwa. "Mmemuuliza mbwa. Muulizeni na paka."

"Paka gani?"

"Paka wetu. Alikuwa anamlalia miguuni. Asubuhi nilipofungua mlango wote wawili walikuwa wamelala. Nikamtikisa mume wangu. Nikamtikisa. Kisha nikamsukuma paka atoke, akagaragara mkavu kama kuni." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Nilimtupa mwenyewe kule kwenye migomba. Sijui kwa nini nilianza na paka. Nilimtoa paka kwanza, ndipo nikapiga kelele."

"Si mmesikia?" Asheri akawageukia watu. "Paka naye alikula."

"Tukaone," akasema Sefania.

Karakana ilikuwa kibanda cha udongo, na mara moja ungejua kaikandika nani. Hakukuwa na ufa wa kupitisha unyasi. Dirisha halikuwapo. Mlango ulipofungwa ulikaa kama kifuniko cha sanduku, bila kulia. Ndani mlikuwa na mkeka, randa na misumeno ukutani, na kabati.

Sefania akalizunguka, akasahau kidogo kwamba yuko kwenye mauaji. Lilikuwa refu kama mtu, la mbao za podo, maana podo haina harufu ya kuingia kwenye nyama. Ndani hakuna msumari hata mmoja wa kushika kutu. Kila kiungo kilipigwa kijiti. Mlango wake ulikuwa fremu yenye wavu wa waya wa kuzuia nzi. Chini, sakafu yake ilikuwa bati la debe lililotobolewa matundu mengi, na juu kabisa bomba, la debe pia, lilipinda na kuingia ukutani.

Asheri akafungua mlango wa wavu, akaruka nyuma. Waliochungulia mlangoni nao wakaruka. Ndani mlining'inia mapande matatu ya paja la ng'ombe kwenye kulabu, magumu, meusi, na yote yamepakwa unga mweupe.

"Sumu hiyo," akasema Asheri. "Tazama ilivyojaa. Alimnyunyizia usiku, akala, akafa."

Sefania akasogeza pua. Miaka michache nyuma alikwenda kwa Mgiriki mmoja wa mashamba ya mkonge kule tambarare kuchunguza wizi wa baiskeli. Baiskeli haikupatikana, lakini barazani alikuta kabati kama hili, nyama kama hii, na unga huu huu. Mgiriki alikuwa anaufuta kwa kitambaa chenye siki, anaimba.

"Hezroni alipata kufanya kazi kwa Mgiriki?"

"Ndiyo," Raheli akajibu kutoka nyuma. "Alimtengenezea viti. Akaja na hii akili kutoka huko."

Sefania akageuza pande la kwanza, la pili, la tatu. Akachuchumaa, akainuka tena.

"Asheri, ile nyama ya mbwa ulikata wapi?"

"Hapo, la katikati. Kwa kisu changu."

"Nani mwingine amekata?"

"Hakuna. Tangu siku ile hakuna mtu aliyethubutu kugusa."

"Basi njoo uone. Mapande ni matatu, alama ya kisu ni moja, na umesema ni yako. Kaka yako alikula kwa kutumia nini? Aliilamba?"

Asheri akatazama. Akageuza nyama kwa ncha ya kidole.

"Haijaiva," akasema Raheli. "Alisema hata mwezi haujaisha. Asingeigusa hata kwa njaa."

"Na paka," Sefania akaendelea. "Wavu mzima, komeo liko nje, hakuna hata alama ya ukucha. Yaani mbwa amekula, yuko nje anajikuna. Hezroni na paka hawakula, na ndio waliokufa. Hii sumu ina mambo, inawaacha walaji na kuwafuata wasiokula."

Sefania akachomoa kisu chake kidogo, akakwangua ule weupe, akakata kipande chembamba kama jani, akakitia mdomoni.

Mwanamke mmoja mlangoni akashika kichwa. Mchili Danieli akasema, "Sajini, una watoto." Sefania akatafuna. Alitafuna sana, maana ilikuwa ngumu.

"Afande," Yahaya akasema kwa sauti ndogo, "ukifa nikaseme nini Same?"

"Kaseme nilikufa nimeshiba. Huu weupe ni kuvu tu ya nyama inayokauka, na ndani ni chumvi na pilipili manga. Onja."

"Aliyeichinja simjui," akasema Yahaya haraka, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana kuishukuru dini yake kwa sauti.

Watu walibaki wamemkodolea macho Sajini, wanangoja aanguke. Yeye alikuwa ameshapiga magoti anachungulia chini ya kabati. Chini ya lile bati la matundu palikuwa na jiko la mkaa, limejaa majivu mepesi meupe. Akatia kidole, akakitazama.

"Raheli. Mgiriki hakuwa na jiko."

"Mgiriki yuko tambarare. Kule kabati linawekwa barazani, upepo unakausha wenyewe. Huku upepo wetu unalowesha. Paja la kwanza lilioza, tukalifukia. Akasema atalitengenezea joto, lakini la makaa, si la kuni, maana moshi hakuutaka. Akasema makaa yakishashika hayana moshi wala harufu. Sasa makaa yanataka kuongezwa usiku, ndiyo maana alilala humu, na mlango akafunga ukungu usiingie."

"Alilala humu usiku mmoja tu?"

"Zaidi ya wiki. Kila asubuhi anatoka anapiga miayo, anasema nyama inakwenda vizuri."

Sefania akabaki amepiga magoti, mkono juu ya jiko.

"Aliyemtazama maiti nani?"

"Dresa wa zahanati alikuja," akasema mchili. "Hakuona jeraha. Alisema kitu kimoja kilimshangaza, midomo na kucha zilikuwa nyekundu. Anasema maiti ya mweusi mwenzake hajapata kuiona na midomo ya kupendeza vile. Sisi tukasema ni ile sumu."

Sefania akainuka. Utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Mwaka arobaini na moja tulikuwa Uhabeshi, milimani, baridi kama hii. Askari watatu wa kikosi chetu waliingiza karai la makaa hemani, wakafunga kila mahali. Asubuhi tuliwakuta wamelala kama watoto. Midomo myekundu. Daktari alisema makaa yakikosa pa kupumulia yanatoa hewa mbaya. Huioni wala huinusi. Unaona usingizi tu."

"Sajini, usituchezee," akasema mzee mmoja. "Sisi tumelala na moto ndani tangu babu zetu. Nani amekufa?"

"Moto wa kuni, mzee. Moshi wake unakufukuza mwenyewe. Na nyumba za babu zetu zilikuwa za nyasi, zinapumua kila upande. Hii Hezroni aliikandika kama mtungi. Lakini hakuwa mjinga. Aliweka bomba." Akalipiga kwa kidole, likalia. "Bomba linavuta hewa ya jiko, linapitisha kwenye nyama, linatupa nje. Ndiyo maana siku zote zile aliamka mzima. Ninachotaka kujua ni usiku huu wa mwisho tu. Nini kilibadilika?"

Akatoka. Watu wakamfuata.

Nyuma ya karakana, karibu kabisa na kibanda cha Mama Eliakunda, mdomo wa bomba ulichomoza ukutani usawa wa uso. Sefania akaingiza vidole viwili. Vikakutana na kitu laini. Akavuta. Yakatoka majani makavu ya mgomba, yamekunjwa vizuri kama kizibo cha mtungi wa pombe. Akavuta tena. Kikatoka kitambaa kizito cha kijivu, upande wa ndani kimekuwa cheusi.

Matone ya ukungu yalidondoka kwenye migomba.

"Nani kaziba hapa?" Sefania akauliza.

Macho yakamwendea Asheri. Watu waliosimama naye tangu asubuhi wakaanza, polepole, kusimama na wengine. Asheri akawatazama mmoja mmoja.

"Mimi? Huku nyuma sijafika. Mchili, wewe unanijua. Yule ni kaka yangu, mimi ningemfungia kaka yangu…"

"Mlikuwa na ugomvi?"

"Ugomvi wa ndugu. Wa mpaka wa mibuni. Mungu wangu, ugomvi wa miti sita."

"Mnamtazama nini mwanangu?"

Ilikuwa sauti ya Mama Eliakunda. Alikuwa amekuja taratibu, ameshikilia ukuta. "Mwacheni. Niliziba mimi."

Alisema kama mtu anayengoja kushukuriwa.

Sefania akageuka. Blanketi la kijivu lilikuwa limemfunika bibi yule mpaka chini, isipokuwa pembe moja, ambayo haikuwapo.

"Uliziba wewe, mama."

"Chui wa porini amechukua mbuzi wa jirani yetu Lea hapo bondeni, hamkusikia? Na harufu ya nyama ilikuwa inatoka hapo. Mimi mwenyewe niliisikia nikiwa kitandani, sembuse chui. Na mtoto analala humo humo na nyama. Nikasema huyu ataliwa. Jioni nikapiga majani, nikaona hayatoshi, nikachana na blanketi." Akainua mkono kuelekea bomba. "Tena palikuwa panatoka joto zuri, linapotea bure. Nikasema nikiziba, joto litabaki kwake. Alikuwa anakohoa."

Mchili Danieli aliinamisha kichwa. Asheri alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Kila mwanamke aliyesimama pale alikuwa ameziba ufa kwa majani ya mgomba Julai ile ile, kwa ajili ya mtoto wake, na sasa kila mmoja alikuwa anaitazama mikono yake.

"Kwani lile tundu lilikuwa la nini?" akauliza Mama Eliakunda.

Raheli alikuwa amesimama pembeni, pingu mikononi. Mama huyu alikuwa amemwita muuaji mbele ya kijiji kizima, akamkatalia kuusogelea mwili wa mumewe, akamkatalia hata kutupa udongo kaburini. Na sasa jibu lilikuwa lake. Watu wote waligeuka wakamtazama, na hakuna ambaye angemlaumu kwa jibu lolote.

"Lilikuwa la nyama, mama," akasema Raheli. "La nyama tu."

Bibi akatikisa kichwa kuitikia. Akakitazama kile kitambaa mkononi mwa Sefania, upande wa kijivu, upande mweusi. Akatazama bomba. Akatazama kule kwenye migomba, na akakaa akitazama huko muda mrefu.

"Na paka je?" akauliza.

Alikuja mbele hatua moja, akaachia ukuta. Akaitoa mikono yake miwili ndani ya blanketi, myembamba, akaiweka pamoja, akamnyooshea Yahaya. Konstebo Yahaya, aliyekuwa amefunga pingu watu wa kila namna tangu Pangani hadi Same, akarudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka.

"Mfungue yule," akasema Sefania.

"Na huyu, afande?"

"Nimesema mfungue yule."

Ufunguo ulimsumbua Yahaya, vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Pingu ilipofunguka Raheli hakujisugua mikono. Alikwenda moja kwa moja kwa mkwe wake. Mikono ya bibi ilikuwa bado imenyooka hewani. Raheli akaishika, akaishusha, akairudisha ndani ya blanketi, na ile pembe iliyochanika akaikunja isionekane.

"Twende ndani, mama," akasema. "Kuna baridi."

Wakaenda, mmoja amemshikilia mwenzake, na ilikuwa vigumu kujua ni yupi. Mlango ukafungwa. Muda si mrefu kikasikika kilio cha bibi, na sauti ya Raheli chini yake, haisemi neno lolote.

Watu walitawanyika bila kuagana. Yahaya alibaki anaigeuzageuza pingu.

"Afande. Bwana Inspekta alitutuma tumpelekee mtu."

Sefania alikuwa anakunja kile kitambaa, upande mweusi ndani, taratibu, kama nguo ya mtoto.

"Asheri," akaita. "Lete nyundo."

Asheri akaja na nyundo ya kaka yake. Hakuuliza ya nini. Akaanza kugonga udongo kuzunguka mdomo wa bomba, akigonga na kufuta macho kwa kiwiko, akigonga tena.

"Tutampelekea hili," akasema Sefania.